Wodini Alikuwa Mume Wangu, Nyumbani Nikamkana

Mpendwa mshauri, nisaidie, na kama utacheka basi cheka kabisa umalize ndipo uendelee kusoma, maana hata mimi ninayeandika nimeziba mdomo nisisikike chumba cha pili. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na saba, fundi cherehani, nashona sare za shule, watoto wangu watatu wote wanajitegemea, na tangu baba yao afariki miaka tisa iliyopita sijawahi kufanya jambo la kuniandikisha barua gazetini, mpaka chama chetu cha mafundi kilipopanga safari ya kutalii nje ya nchi, kwenda kwa ndege na huko kuzungushwa watu ishirini na wanane ndani ya basi moja, siku nane, na kiongozi wa msafara kashika kijibendera cha njano kama tunaenda kuchezesha mpira.

Siku ya pili tu, tuko ndani ya jumba la makumbusho, tumbo likanikamata upande wa kulia, nikaona taa zinaelea, nikatafuta pa kukaa, na pa karibu palikuwa kiti cha mfalme fulani wa zamani kilichozungushiwa kamba nyekundu, basi mimi nikavuka kamba nikakaa, king'ora kikalia jumba zima, walinzi wakaja mbio, na mtu pekee aliyekuwa karibu yangu alikuwa fundi makochi mmoja wa chama chetu, mtu mzima mpole ambaye hata kusalimiana vizuri tulikuwa bado, yeye alibaki nyuma ya wenzetu anakagua mshono wa kile kiti. Akaniambia, "Mama, umechagua kiti imara, tulia hapo hapo," kisha akawageukia walinzi, akawafokea mpaka wakaita gari la wagonjwa.

Kumbe ni kidole tumbo! Mlangoni mwa wodi nesi akamzuia fundi, akasema wanaingia ndugu tu, wewe ni nani wake? Akajibu bila kupepesa jicho, "Mume." Mshauri, nilikuwa kwenye machela naumwa lakini masikio yalikuwa mazima, nilisikia, ningeweza kukataa, sikukataa. Wenzetu wakaendelea na safari, yeye akabaki. Siku tano! Nilipokwisha kupasuliwa, kila asubuhi anavuta kiti karibu na kitanda, anafungua ratiba ya safari, anasema, "Saa hizi wako kwenye maporomoko, sogeza mkoba usilowe," nami nacheka huku nimeshika mshono, namwomba aache, haachi. Nimeitembea nchi nzima nikiwa chali, na nakuapia hakuna aliyeifaidi safari ile kuliko mimi. Uwanja wa ndege wakati wa kurudi wenzetu wakatupokea kwa vigelegele, eti maharusi hao, nikajifanya nimekasirika.

Balaa limeanza nyumbani. Binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuja kunisafisha kidonda, akachukua karatasi za hospitali akasoma kwa sauti, "Mume wa mgonjwa ameelekezwa namna ya kubadilisha bandeji." Akanitazama. "Mama, mume yupi?" Nikasema hao wamekosea, wagonjwa walikuwa wengi. Hajamaliza kunikodolea macho, simu ikalia, ni fundi, ananijulia hali, na mimi kwa woga nikasema, "Umekosea namba." Akasema, "Samahani, mama," akakata.

Leo siku ya kumi na moja hajapiga tena. Nimekuwa mtu wa kuunga mikono ya mashati kinyumenyume. Binti amewaambia ndugu zake, na kitinda mimba wangu, mwanamume mzima na ndevu zake, ameitisha kikao Jumapili hapa kwangu, anasema mama ametapeliwa huko nje. Sasa mshauri, niseme kweli niaibike mbele ya watoto niliowachapa kwa kusema uongo, au niendelee kuwasingizia wa hospitali mpaka mambo yapoe, na huyu mtu nimsahau? Maana nikimfikiria tu mwili unapata joto, na daktari alisema homa imekwisha.

Ni mimi,
Mume Yupi

JIBU

Mume Yupi, mwenzangu,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, nimemaliza, sasa nakuja kwako. Pole kwa upasuaji. Kwa hayo mengine sikupi pole hata kidogo, maana umejitakia mwenyewe.

Hebu tazama ulichofanya. Mtu kaacha matembezi yake, kakaa siku tano wodini na mwanamke ambaye hata kumsalimia vizuri alikuwa bado, kakuchekesha na tumbo lina nyuzi. Halafu anapiga simu kuuliza umeamkaje, unamwambia amekosea namba! Tena uliyemwogopa si simba, ni binti uliyemfunga nepi wewe mwenyewe. Na huyo bwana naye simsafishi: kudanganya mlangoni mwa hospitali ni kosa, ukimwona mwambie nimesema asirudie. Ila yeye alidanganya ili akae na wewe, wewe ukadanganya ili yeye aondoke. Huo si uongo wa aina moja, na unajua, ndiyo maana mashati ya watoto wa watu yanaharibika.

Unataka mambo yapoe. Haya, yakishapoa utabaki na nini? Cherehani na karatasi za hospitali. Marehemu mumeo hukumkosea kitu, miaka tisa si mchezo, muache apumzike.

Sasa nisikilize. Usimpigie simu, simu ulishaichafua. Nenda karakana kwake kwa miguu yako, mchana kweupe, wateja wakiwepo, useme kwa sauti ya kusikika kwamba siku ile namba ilikuwa sahihi na mwoga ulikuwa wewe. Usilete hadithi ndefu, na usilie, wateja watadhani umeharibiwa kochi. Akikasirika mwache akasirike, ana haki, wewe kaa ungoje. Bahati nzuri pale viti havikosekani.

Jumapili usijikunyate kwenye kikao kama mtuhumiwa. Nyumba yako, sebule yako, chai yako, basi kikao utakifungua wewe. Waambie yote, hata kile king'ora kulia, na uwaombe radhi kwa uongo wa karatasi, mara moja tu, inatosha. Binti atanuna. Mwanao atapandisha sauti, mwambie aishushe. Simaanishi uolewe wiki ijayo, jamani! Mjuane kwanza mkiwa wazima wote wawili, maana mtu akiwa na homa hata mlinzi wa getini anaonekana mzuri. Lakini mjuane wazi, mchana, watoto wakijua anaitwa nani na anakaa wapi.

Ulipougua hukuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Kupona nako usiombe. Vaa viatu uende.