Pua ya Mashini na Magoti ya Mama

Kisangani, Mangobo, Jumamosi, siku ya posho

Mupendwa Yaya Nephtali, kaka yangu mukubwa,

Ninakusalimia sana mu jina la Bwana, wewe na Clémence na watoto wote wa Ubundu. Muko wazima? Mudogo wa mwisho, kikohozi chake kilipona? Ku hapa tuko muzuri, na mama iko muzima, hata nyumba ingali imesimama ingawa mvua ya juzi ilitaka kuibeba. Mufuko uliomupa Fiston atuletee ulifika. Samaki ya moshi tuliikula mupaka mifupa. Ile dawa ya magoti, mama aliipokea na mikono mbili, akacheza nayo mu kiwanja, akaonyesha majirani wote kwamba mutoto wake amefikiria magoti yake. Aksanti sana.

Bon. Ninajua unangojea nini mu barua hii, donc sitazunguka. Uliniambia ku telefone kwamba umesikia mama anaitwa ndoki, mulozi, mu restora anakotumika kazi, na kwamba watoto wako hawatakuja kwake mu vakansi, likizo yao, mupaka mambo ieleweke. Siku ile nilikata telefone kwa hasira. Sasa mambo imeeleweka. Kaa chini usome polepole, na usisome kwa sauti mbele ya watu.

Unajua mimi na mama tunatumika kwa Tonton Zéphirin, patron wa restora, mu Makiso, mimi ku meza, yeye ku moto. Mwaka huu patron aliacha makala ya kupikia. Akanunua jiko kubwa ya gazi, na juu yake akatundika hotte, ile mashini ya kuvuta moshi. Pembeni ya hotte kuko kitu kidogo, ukubwa wa kizibo cha chupa, kazi yake ni kunusa. Gazi ikivuja, inapiga kelele na kukata moto yenyewe. Sisi tuliiita pua. Mwanzo pua ilinyamaza vizuri. Mama aliisifu hotte sana, kwamba machozi ya moshi imeisha, na aliimba akigeuza samaki.

Halafu ikaanza kulia. Inalia saa watu wamejaa, moto inazimika, makemba, zile ndizi za kupika, inabakia nusu mbichi, wateja wanapiga meza. Wakafunga chupa ya gazi, wakafungua madirisha, bure. Ndiyo Merdi, yule anayekata vitunguu, akaona jambo: pua inalia wakati mama iko ku jiko. Akienda kunawa, inanyamaza. Akirudi, inalia. Walimujaribu hivyo mbele ya macho yangu, Yaya, mama yetu aliyetuzaa.

Merdi akasema mashini haina chuki na mutu, imenusa kitu ndani ya huyu mama. Kisha akaona vitambaa alivyofunga ku magoti, chini ya kikwembe, akasema ndiyo dawa ya ulozi, afungue watu waone. Mama alikataa. Nilimusihi afungue tu, yaishe. Akakataa na mimi. Eh, hapo sasa moto uliwaka! Toka siku hiyo hakuna mutu alikunywa maji yaliyochotwa na mama. Alikula peke yake ku mulango. Patron si mutu mubaya, lakini iko muoga sana. Akaniambia ataita fundi, na kama fundi hapati ugonjwa mu mashini, mama atabaki nyumbani. Unajua vile mama anapenda kazi yake. Na mutu akifukuzwa na jina lile, hata kanisani watamuachia benchi nzima peke yake.

Fundi aliyekuja iko mwanamuke, Aimée wa Kabondo. Yaya, ungemuona! Mufupi, sauti inafika ngambo ingine ya mutoni, mufuko wa vyombo ku bega. Merdi akamuuliza fundi mwenyewe iko wapi. Akajibu kwamba amemukula asubuhi na chai, sasa wamuletee ngazi. Mu jikoni ile, siku zile, hakuna mutu mwingine angethubutu kuchekea neno la kula watu.

Alianza chini kabisa, ku chupa ya gazi. Akapakaa povu ya sabuni ku mupira wote na ku viungo vyake, akachungulia kama kuko mahali povu inavimba. Hakukuwa. Akatoa chujio za hotte, zilikuwa nzito na mafuta, akaziosha. Akatoa pua yenyewe, akaipangusa, akapima waya zake, zote nzima. Akairudisha, akasogeza briquet, kiberiti ya gazi, akaachia gazi bila kuiwasha: ikalia. Akaondoa: ikanyamaza. Mwisho akatia pua mupya kutoka mufuko wake, akaomba mama asimame ku jiko. Pua mupya nayo ikalia.

Merdi akapiga mikono. Mimi nilimuangalia patron, kwa sababu nilijua amesema nini. Lakini Aimée alifurahi mupaka meno yote ikaonekana! Akasema pua mbili haziwezi kukosea pamoja, alors kuko kitu ya kweli zinanusa, na kitu kama hiyo inatafutwa, haiogopwi. Akafukuza kila mutu inje, akabakiza mama na mimi. Hakumuuliza mama maneno ya ulozi hata kidogo. Alimusogezea kiti, akamuomba ruhusa, akauliza leo amepakaa nini ku mwili.

Mama akavuta kikwembe juu. Vitambaa vilikuwa vimelowana dawa. Aimée akashusha pua na waya yake, na kabla haijafika ku goti, ikalia. Akatueleza kwamba pua ya namna hii haijui gazi peke yake. Pombe kali nayo inaichanganya. Moto ya jiko ilipasha vitambaa, muvuke ukapanda moja kwa moja ndani ya hotte. Ugonjwa wote ulikuwa huo!

Nilitaka kukimbia nimuitie Merdi, nimusukumie ukweli mu uso. Mama akanikamata mukono. Akamuomba Aimée jambo moja tu, kwamba jina la ile pombe lisitoke mu jikoni. Aimée alikuwa amekwisha kuijua, mutoto gani wa Kisangani hajui harufu ile? Akamuangalia mama, akasema sawa, mama.

Kisha akafungua mulango, akaita wote. Akamuomba patron parfum yake, yale marashi, unajua vile Tonton Zéphirin anajimwagia, akamwambia ajipakae ku mikono na asogee ku hotte. Pua ikalia, patron akaruka nyuma na kukanyaga sufuria. Aimée akauliza kwa ile sauti yake kama Tonton naye iko ndoki. Watu walicheka mupaka wakakaa chini. Akasema parfum, dawa ya kupakaa, kila kitu yenye alkoli ni vile, na mama alipakaa dawa ya magoti, basi. Hakuongeza neno. Nimeona watu wengi wenye akili, Yaya, lakini akili yenye inafunika haya ya mutu hivi, bado.

Kesho yake Merdi alikuja na kikombe, akamuomba mama amuchotee maji. Akakunywa yote mbele ya watu. Mama akamujazia tena, akamwambia anywe, asiache, kiu yake ni ya siku nyingi.

Sasa lile neno. Dawa ni yako, Yaya. Tangawizi na majani uliweka juu, lakini chupa nzima ni lotoko, ile pombe kali ya kupika nyumbani. Ulifikiri mama hatanusa? Mama alijua siku ya kwanza. Anajua pia kwamba wewe iko shemasi, na kwamba kanisa yenu, mutu akikutwa na lotoko, wanamushusha mbele ya wote. Alikuwa amekwisha kujivuna kwa majirani dawa imetoka kwa nani. Angefungua vitambaa, harufu ingetembea mupaka Ubundu. Nilimuuliza kwa nini alikubali kuitwa ndoki wakati angefungua tu yaishe. Akasema jina lake limekwisha kula miaka yake, lako bado liko na kazi. Donc alikaa ku mulango na sahani yake, peke yake, kwa ajili yako, na wewe huku ulikuwa unamukataza wajukuu.

Nimelia nikiandika. Lakini sikia: neno lako la vakansi sikumufikishia. Yeye anajua tu kwamba treni ya kutoka Ubundu inakawia, na matandiko ya watoto ameanika ku jua. Treni ikitembea, leta watoto wewe mwenyewe. Hatakuuliza kitu.

Salamu kwa Clémence na kwa kila mutoto kwa jina lake. Mama anakusalimia sana. Anasema goti la kushoto linatembea, la kulia bado linabishana, na sasa anapakaa akisharudi nyumbani, mbali na moto. Anaomba umuletee chupa ingine. Lakini uibebe mu mikono yako, usimupe tena Fiston, watu wasije wakakusema.

Mudogo wako anayekupenda hata akikasirika,
Chimène