Maji Aliyokunyima Gideon

Mpanda Mjini,
17 Novemba 1996

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kigoda chako jikoni, mzima wa mwili, na yale magoti yamekupumzisha kidogo. Vipi majaruba ya mpunga, mmeshaanza kulima? Vipi yule mbuzi mweupe, amezaa? Nisalimie majirani wote, hasa mke wa Ngusa, ambaye nasikia hajaacha kuja kwako hata baada ya haya yaliyotokea. Mungu ambariki yeye na ng'ombe wao wote.

Huku sisi tuko salama. Mjukuu wako Agatha amepona. Nalisema mapema ili moyo wako utulie, na ili Melkiadi anayekusomea asikimbilie mwisho wa barua. Melkiadi, mdogo wangu, soma polepole na kwa sauti, wala usiruke neno lolote kwa kumwonea haya shemeji yako Gideon. Hastahili hata robo ya hiyo haya.

Barua mliyompa dereva wa lori la mpunga ilinifikia. Mmeniambia kwamba watu wa hapo Usevya hawanywi tena togwa nyumbani kwako, kwamba akina mama wa jumuiya wamehamisha sala kutoka uani kwako bila kukuaga, na kwamba inasemwa ulikuja Mpanda, ukamwacha mtoto anakufa, ukarudi zako bila hata kuumwa kichwa. Najua maneno hayo yalipandishwa lori na nani. Ni wifi yangu Bernadetha, dada yake Gideon, ambaye mumewe hununua mpunga huko. Nililia nilipoisoma. Kisha nikakasirika, na hasira imenifaa kuliko machozi. Sasa nikueleze jambo zima tangu mwanzo, maana wewe ulifika katikati na ukaondolewa kabla halijaisha.

Unamkumbuka Gideon alivyokuwa kabla hajapanda ndege. Alikuwa mnunuzi wa asali, ananuka moshi na nta, anarudi kutoka porini na midomo imevimba kwa kuumwa na nyuki, na alikuwa mtu wa kuongea naye. Kampuni yake ikampeleka Italia kujifunza kupima asali. Asali aliyojifunza huko sijaiona. Alichorudi nacho ni mashine ya kahawa. Anaiita espreso, na ukisema kahawa tu anakusahihisha mbele ya wageni. Kikombe chake kinalingana na kizibo cha chupa ya chai, na kilichomo ni cheusi na kichungu mpaka ulimi unakunjamana. Akikimeza anafumba macho na kuvuta pumzi, sisi wengine tumekaa tunamtazama kama wajinga, tukingoja arudi kutoka Ulaya.

Umeme wetu unawaka jioni tu, kwa hiyo jioni ndipo mtaa mzima uliposikia mashine ya Gideon ikinguruma na kutema mvuke. Kisha ikaziba. Maji ya kisima chetu unayajua, sabuni haitoi povu na sufuria ya chai ina magamba meupe ndani. Magamba hayo yaliingia kwenye mirija ya mashine na yakaganda humo. Gideon alihuzunika kuliko alivyohuzunika kwenye msiba wa baba yake, na mimi nilikuwapo kwenye misiba yote miwili. Aliifungua, akaikwangua kwa sindano yangu ya kushonea, akaapa kwamba mashine ile haitaonja tena maji ya washamba. Anasema washamba, naye kazaliwa kijijini Kakese.

Ndipo akaanza kutafuta chujio. La kwanza alilinunua kwa masista, lile la vyombo viwili vya bati vilivyopandana, lenye vigae virefu vyeupe ndani mfano wa mishumaa. Maji yanapenya taratibu na kudondoka chini yakiwa masafi. Masista wenyewe wanayanywa na hawaugui. Lakini Gideon aliyaweka kwenye mashine, na magamba yakarudi. Basi akalitukana chujio la watu, akalitoa mezani, na baadaye Bernadetha akalibeba kwenda kuwekea karanga.

La pili aliliagiza Dar es Salaam kwa bwana mmoja anayesafiri na treni. Ni jagi la plastiki, lina punje ndogo ndogo zilizofungiwa ndani. Ukimimina maji ya kisima juu, yanatoka chini laini, matamu, na sabuni inatoa povu kama kwenye maji ya mvua. Hilo silikatai. Ila Gideon alitaka mtaa mzima ushuhudie. Aliwaita majirani uani, akachukua sufuria mbili, moja akatia maji yaliyopita kwenye lile la bati, nyingine ya jagi lake, akazichemsha zote mpaka zikakauka. Ya kwanza ikabaki na weupe chini. Ya pili ikabaki inang'aa. Akasimama katikati yetu na kijiti mkononi, akatueleza kwamba uchafu ni ule mweupe tunaouona, kwamba sisi kwa kuchemsha maji ndio tunaoutengeneza, na kwamba kuanzia siku ile nyumbani kwake hakuna kuchemsha tena. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mtu aliyefika Italia ukimbishia utaonekana huna adabu. Hata mimi niliamini, mama, maana kwa macho yangu sufuria ilikuwa inang'aa.

Hapo ndipo wewe ulipofika, na kuku wako wawili na mchele wa kunukia, vumbi la njia ya Sitalike mpaka kwenye nyusi. Ulinyoosha mkono kuelekea jagi. Gideon akaniambia, kwa ile sauti yake mpya ya upole, kwamba mama apewe ya mtungini, maana ya jagi ni machache, mashine inayahitaji, na tena tumbo la mtu wa kijijini halijayazoea. Mkwe wake, aliyemtolea binti, alipewa nafasi baada ya mashine ya kahawa. Nikakuchemshia ya kwako kwenye jiko la nyuma, maana yasiyopita kwenye jagi sikuthubutu kukupa mabichi, nikayapoza mtungini, na nikawa nakunywa na wewe kwa sababu sikutaka unywe peke yako ndani ya nyumba ya mwanao. Yeye akawa anafunua mtungi mbele ya wageni, anawaonyesha weupe uliotulia chini, anawaambia mama mkwe anakunywa chokaa. Ulicheka naye, mama. Mimi sikucheka.

Agatha alinyweshwa maji ya jagi na baba yake mwenyewe, asubuhi na jioni, kwenye bilauri ya kioo. Akaugua. Yaliyofuata unayajua kwa upande wako: homa isiyoshuka, tumbo, mtoto anaongea maneno asiyoyajua. Nikalala naye wodini, na nilikuacha nyumbani nikijua nimekuacha mikononi mwa watu. Nilipopata nafasi ya kurudi kubadilisha nguo nikakuta kigoda ulichokuwa ukikalia kitupu. Gideon akaniambia umepata habari ya msiba, ukaondoka kwa haraka. Msiba wa nani, hakujua.

Jirani yetu Médiatrice ndiye aliyeniambia yaliyotokea. Bernadetha alikuja na kitenge kafunga kiunoni, akasimama mlangoni akauliza kwa sauti ya kusikiwa barabarani, imekuwaje mtoto wa kaka yake aanguke wiki ile ile aliyofika bibi, na bibi na binti yake wawe wazima kama chuma, tena wakiwa na mtungi wao wa peke yao ambao hakuna mwingine anayeugusa. Gideon alikuwa amekaa pale pale, na kikombe chake kidogo. Alikimaliza kwanza. Alinyanyuka akakutafutia lori. Ukamwomba maji ya njiani, na jagi likiwa limejaa mezani akakujazia chupa kutoka mtungini.

Sasa sikiliza, mama, na Melkiadi ongeza sauti.

Mwezi uliopita Gideon naye alianguka. Ni ugonjwa ule ule, homa ya matumbo. Nilimpeleka hospitali, na sista aliyempokea akaniuliza tunakunywa maji gani. Nikajibu kwa kiburi, maana kiburi kinaambukiza, kwamba sisi tunachuja. Akauliza tunachuja na nini. Nikamweleza jagi na punje zake. Yule sista hakunicheka. Aliniambia taratibu kwamba jagi la namna hiyo linaondoa magamba na kuleta ladha, basi, na vijidudu vinapita humo bila shida yoyote, na kwamba maji yanachemshwa kwanza, ndipo yatiwe. Nikageuka nimtazame mume wangu. Alikuwa ameshageukia ukutani.

Nilimwuliza palepale kama alijua. Alingoja kwanza sista atoke. Kisha akasema kwamba yule bwana wa treni, siku aliyomkabidhi jagi stesheni, alimweleza hivyo hivyo: la mashine ni hili, la kunywa ni lile la mishumaa, na kama utayanywa haya uchemshe kwanza. Alidhani ni maneno wanayoambiwa watu wasiosoma. Agatha alipougua aliyakumbuka. Aliyakumbuka siku ya kwanza ya homa, mama, akaacha kimya kimya kumpa mtoto maji yale. Lakini kusema hakusema, kwa kuwa alikwisha kuita mtaa mzima uje kutazama sufuria zake. Bernadetha alipokunyooshea kidole akaona njia imefunguka, akakaa kimya na kikombe chake. Na ili dada yake asishtuke, akaendelea kunywa mwenyewe mbele ya watu bilauri kwa bilauri, mpaka yakamlaza. Mtu mzima huyo, anayenisahihisha nikisema kahawa.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Waliougua ni waliokunywa maji ya Gideon. Wewe hukuugua kwa sababu alikunyima. Alikunyima kwa dharau, ukabaki mzima, na uzima wako wakaugeuza ushahidi wa kukumaliza. Hukuleta kitu nyumbani kwangu ila kuku na mchele, na hukuondoka na kitu ila chupa ya maji niliyoyachemsha kwa mikono yangu.

Nimeshafanya ya kufanya. Nilikwenda kwa Bernadetha, nikamwaga karanga zake kwenye ungo mbele ya macho yake, nikarudi na chujio la masista kichwani. Nimesugua vile vigae, nimelirudisha mezani, na ndilo tunalonywea, wageni na wenyeji, chombo kimoja. Jagi nimelisogeza kwenye mashine, huko ndiko kazi yake ilikokuwa tangu mwanzo. Sikuivunja mashine. Nataka Gideon aitazame kila siku.

Ametoka hospitali amekonda, suruali ya Italia anaishikilia kwa mkono. Ameniomba mambo haya yaishie ndani, kwamba atakununulia vitenge, kwamba mwanamume akiaibishwa hadharani nyumba inavunjika. Nimemjibu kwamba wewe uliaibishwa hadharani na nyumba yako ilisimama. Nimempa mambo mawili achague. Aje Usevya aseme kwa mdomo wake, au mimi na Agatha tuje tukae moja kwa moja. Alifikiri usiku kucha, akachagua kuja. Sijui bado kama nimefurahi.

Tutafika Jumamosi na lori, tukijaliwa. Jumapili, watu wakitoka kanisani, naomba jumuiya nzima ikusanyike uani kwako, hata kama sala wamezihamisha. Melkiadi, wewe uwaite, na mume wa Bernadetha akiwa huko kwenye mpunga wake umwite wa kwanza. Gideon atasimama na kueleza jagi, na sufuria zake, na bwana wa treni, na kimya chake. Akiruka kitu nitamkumbusha. Nyie kazi yenu ni kusikiliza tu.

Wewe, mama, usihangaike kupika. Tengeneza togwa, ile nzito, na uweke mtungi wake mahali watu wote wanapouona. Akimaliza kusema atakuwa na kiu. Umpe kata mkononi mwake mwenyewe, kutoka mtungini kwako, na usimwage weupe ulio chini. Wakishamwona anakunywa mpaka mwisho, atakayetaka naye atasogea achotewe, na asiyetaka arudi nyumbani kwake na kiu yake.

Agatha anakuulizia kila siku. Anataka kujua kama mbuzi wako bado anakula nguo zinazoanikwa. Amejifunza kuandika herufi ya jina lake na ameiweka hapo chini, kubwa kuliko jina langu, mniwie radhi. Médiatrice anakusalimu sana. Wasalimie wote waliobaki wakinywa kwako, kwa majina yao, na hao wengine wasalimie pia, watakuwa na mengi ya kusikia Jumapili.

Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako unayekunywa naye mtungi mmoja,

Katarina

A