Usiachie Usukani

Chumba cha juu,
Nyumba iliyo nyuma ya karakana ya milango.
Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu nyingi zikufikie, na natumaini zinakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wale wanangu wawili. Kifua cha yule mdogo kimepona? Na mgongo wako je? Huku Mama hajambo. Anakwenda dukani mwenyewe na kurudi akimlalamikia kila aliyekutana naye, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa. Mimi mwili haujambo, ila roho imechoka.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yangu huipokei. Mara ya mwisho nilipokutajia usingizi wako uliniuliza, "Dada, siku hizi umekuwa daktari?" ukacheka, ukakata. Leo ni siku ya kumi na moja. Wifi ananiambia uko kazini, nikipiga tena ananiambia umelala. Barua huwezi kuikata, na hata ukiichana utakuwa umeshaona mistari ya mwanzo. Basi nalisema hapa hapa: usiliendeshe tena lile basi la wanafunzi mpaka upimwe usingizi wako. Nakusihi, mdogo wangu. Ningekuwa karibu ningekushika miguu.

Najua unaudhika. Wewe unasema kulala haraka ni baraka ya ukoo wetu, na mimi nilikuwa wa kwanza kujivunia. Baba alikuwa akilala kijiko kikiwa mdomoni, Mama anakichomoa huku akiendelea na maneno yake kama vile hakuna kilichotokea. Na sisi wawili kwenye kitanda kimoja tulikuwa tukishindana nani atatangulia, Mama akituhesabia, na anaapa hajawahi kufika hamsini. Asubuhi tunasimuliana tulichofanya huko, maana tulikuwa tukijua kabisa kuwa tunaota. Wewe uliruka juu ya paa la shule. Mimi nilimgeuza mwalimu wa hesabu kuwa mbuzi. Wenzetu wakatuita waongo, sisi tukajiona tuna kipaji.

Tena kila mmoja alikuwa na namna yake ya kupima kama anaota. Mimi tangu nianze kazi ya kufua shuka za hoteli, ndoto zangu ni za kazini tu, kwenye mashine ile kubwa ya pasi. Ina mabamba mawili mapana ya chuma. Mmoja anatandaza shuka kwenye bamba la chini, mwingine anakanyaga pedali, la juu linashuka na moto wake. Ndotoni nilikuwa nakanyaga pedali, na bamba linashuka polepole, ni baridi. Nikiona hivyo najua naota, namwaga shuka zote dirishani na kujiendea zangu.

Sasa yale ya mwezi wa tano. Kwenye simu nilikwambia mashine iliharibika. Nilikudanganya, kama nilivyowadanganya wote.

Ilikuwa saa nane mchana, tumetoka kula. Mama Pacha, mwenzangu wa mashine kwa miaka sita, alikuwa ananyoosha ncha ya foronya. Mimi nimesimama kwenye pedali. Sikuhisi kusinzia hata kidogo. Niliona chumba kile kile, mvuke ule ule, Mama Pacha na kilemba chake cha kijani, nikajisemea, ah, hii ni ndoto. Nikakanyaga ili nihakikishe.

Halikuwa baridi.

Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia, mdogo wangu. Msimamizi aliandika kwamba Mama Pacha alizembea, aliingiza mkono baada ya kuambiwa autoe. Nami nilinyamaza. Siku tisa nilikula, nikaoga, nikasalimia watu, huku yeye amelala hospitali akilaumiwa kwa kosa langu. Siku ya kumi nilikwenda kitandani kwake nikamwambia yote. Akaniuliza, "Kwa hiyo siku hiyo mimi nilikuwa ndoto yako?"

Nilimwambia msimamizi naye. Jina la Mama Pacha likasafishwa, mimi nikafukuzwa, na ni haki yao. Kabla ya kunifukuza walinipeleka kwa daktari wa mambo ya usingizi.

Yule daktari alinibandika nyaya kichwani, akanilaza mchana kweupe mara tano, kila baada ya saa mbili, anatazama saa. Mtu wa kawaida anachukua dakika kumi au zaidi kupata usingizi. Mimi dakika moja na nusu. Tena wengine hulala zaidi ya saa nzima kabla ya kufika kwenye ndoto, mimi naangukia humo humo moja kwa moja, akili bado iko nusu macho. Akaniuliza kama huwa najua kuwa naota. Nikamjibu, karibu kila mara. Hakushangaa. Alisema wagonjwa wake wengi wanaolala ghafla hivyo humwambia maneno hayo hayo, na kwamba anayezoea kujijua ndotoni anaweza siku moja kukosea upande wa pili, adhani anaota kumbe yuko macho. Alisema wagonjwa, mdogo wangu. Kile tulichokiita kipaji kina dawa yake, nami naimeza kila asubuhi.

Mwaka jana ulipokuja ulitusimulia jinsi unavyoliota basi lako. Ulisema ukitaka kujua kama unaota, unaachia usukani. Basi likijiendesha lenyewe, umejua, unalipaisha juu ya mataa ya barabarani. Nilicheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Sasa hadithi hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika barua hii.

Usiniambie hujawahi kusinzia barabarani. Mimi pia ningeapa hivyo hivyo. Na usiniambie utajua tofauti. Ndoto ya kazini haina kituko chochote cha kukushtua, ni kazi tu kama jana. Una watoto arobaini na wawili nyuma yako, na wewe mwenyewe uliniambia wanagombania kiti kilicho karibu na mgongo wako.

Naijua kazi hii ilivyo kwako. Umeisubiri miaka. Basi unaliosha kwa mkono wako, humwachii mtu, na watoto wanakuita Kapteni. Naelewa ninachokuomba.

Nisalimie wifi, mwambie sina kinyongo naye kwa kunificha. Wabusu wanangu, kila mmoja mara mbili. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama unavaa lile sweta. Fundi milango hapa chini naye anakukumbuka.

Jumapili, tarehe 10

Barua ilikuwa iishie hapo. Jana niliifunga, nikailaza chini ya mto, na leo asubuhi nimeifungua tena. Nakufahamu mno. Utaisoma, utasema maskini dada, utaikunja na kuitia mfukoni, na asubuhi utapanda basi.

Kwa hiyo nimeandika nyingine, kwa mwalimu mkuu wako. Nimemweleza habari za Baba, zangu, za Mama Pacha, na jinsi unavyopima ndoto zako. Jirani yetu muuza vipuri anasafiri leo kuja huko, ameniahidi ataikabidhi mkononi kesho kabla watoto hawajapakiwa. Hii yako naitia posta, itachukua siku nne au tano.

Basi unaposoma hapa, ufunguo wameshauchukua. Kama umekuwa ukijiuliza ni nani aliyekusema, ni mimi. Usimshuku mwenzako yeyote wa kazini, wala usimgombeze wifi. Nilikuwa nimekaa mezani kwa Mama, macho makavu, na nilijua ninachofanya.

Nikasirikie kadiri unavyotaka, hata usinipigie simu miaka. Ila nenda kapimwe. Mungu akutunze ukiwa macho na ukiwa umelala.

Akupendaye, hata kama hutaki kusikia sasa hivi,

Dada yako