Laini ya Stima, Makutano hadi Gitimbine

Jumatatu, 4 Machi 2024

Leo nimeendesha basi la stima! Mimi, Gacheri, binti ya mama muuza ndizi wa Gakoromone. Kutoka Makutano, kupita katikati ya mji, hadi Gitimbine na kurudi. Mabasi manne mapya, ya kijani. Meneja amekuja na suti yake ya Nairobi, akasema Meru haijawahi kuona laini kama hii. Ni kweli. Watu walisimama kando ya barabara wakilishangaa gari lisilonguruma. Nyanya mmoja alikataa kupanda – akauliza kama stima haitampitia miguuni.

Tulipopanda mlima kutoka mto Kathita, viti vyote vimejaa, mkono wangu ulitafuta gia. Hakuna gia! Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jioni nikampigia Muthomi. Ndugu yangu ndiye alinifunza kuendesha, huko Timau, kwenye barabara za vumbi katikati ya ngano, akitumia pickup ya mdosi wake wa shamba. Sasa ni dereva wa matatu hapa mjini, barabara ile ile yangu. Akasema hongera, lakini nisimchukulie abiria kwa steji. Tulicheka. Nadhani alikuwa anatania.

Ijumaa, 19 Julai 2024

Basi linajaa kila siku. Walimu, manesi, akina mama wa soko na magunia ya viazi. Mvua ikinyesha hatupandishi nauli. Abiria wananiita kwa jina.

Idris, fundi wetu wa betri, anasema akilala kwake Majengo bado anasikia mabasi yakivuma kama nyuki. Leo hayuko, ni siku yake ya msikiti. Jumapili mabasi hayatembei, basi yeye hubaki yadini akipima betri sisi tukiwa kanisani.

Lakini matatu za laini hii zinatembea nusu tupu. Mwenye gari la Muthomi ameamua kulipeleka Timau kubeba wafanyakazi wa maua, na huko ana dereva mwingine. Muthomi hana kazi. Mama aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetangaza kifo. Nitamwongelesha meneja. Lazima kuna nafasi yake kwetu.

Jumanne, 12 Novemba 2024

Mvua. Stima imepotea tangu juzi. Mabasi mawili yamelala yadini bila chaji. Langu lilizima pale mlimani Kathita na watu ndani. Wakashuka kwenye matope, mmoja amebeba mtoto mgonjwa, anaenda hospitali. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Na Muthomi amekataliwa. Meneja alimwuliza kama alimaliza shule. Mtu wa miaka ishirini barabarani! Alipotoka ofisini alipita mbele yangu kama napita mbele ya nguzo mimi mwenyewe nikipita nguzo. Hata sijui naandika nini. Hakuniangalia, basi.

Jumatano, 12 Februari 2025

Mabasi mawili yamekufa kabisa. Betri zinangojwa kutoka ng'ambo, wanasema. Yamebaki mawili, na abiria wamechoka kungoja. Wanarudi kwa matatu mmoja mmoja. Mwalimu aliyekuwa akikaa nyuma yangu kila asubuhi leo aliniona steji akageuza uso, kama mtu amekutana na anayemdai.

Vijana wa Makutano walinizuia njia. Wakagonga kioo kwa viganja. Rudi Nairobi na toi lako la watoto, wakasema – mimi, niliyezaliwa hapa! Muthomi alikuwa amesimama nao. Hakugonga. Hakuwakataza pia.

Jumapili, 4 Mei 2025

Mabasi yamechomwa. Yote mawili. Idris yuko hospitalini.

Siwezi.

Jumatatu, 5 Mei 2025

Wacha niandike, la sivyo nitapasuka.

Jana kabla ya ibada nilipitia yadi kuchukua sweta yangu. Lango lilikuwa wazi. Mzee Njura, mlinzi wetu, Mmbeere wa Ishiara, alikuwa ameenda misa ya asubuhi. Huenda kila Jumapili na kuliacha wazi, sote tunajua, hakuna aliyewahi kumsema. Nikazunguka nyuma ya ukuta wa mabati. Nikakutana na Muthomi, mtungi mkononi. Harufu ya petroli.

Tukaangaliana.

Akasema, polepole kabisa, "Gacheri, nenda kanisani."

Na nikaenda! Sikupiga kelele. Sikumshika. Miguu ilienda tu, kama ile ya mtoto aliyetumwa na mkubwa wake. Nikakaa kando ya Mama, tukasimama kuimba, na nikaona moshi dirishani. Watu wakatoka nje mbio. Mimi nilibaki nimeshikilia kiti cha mbele.

Idris alikuwa ndani ya basi, amelala chini ya viti akipima betri. Alitoka kwa dirisha. Ameungua mikono yote miwili na upande mmoja wa uso. Na mimi sikumkumbuka. Nilijua anafanya kazi Jumapili, na nikiwa nimesimama pale na ile harufu puani, sikumkumbuka.

Jumatano, 7 Mei 2025

Wamemshika mzee Njura. Meneja amewaambia polisi kwamba ufunguo wa lango ni yeye tu alikuwa nao. Eti alihongwa afungue. Njura! Mzee anayelisha paka wa yadi kabla yeye mwenyewe hajala.

Muthomi amekuja jioni. Hakukaa.

"Nilijua ni Jumapili," akasema. "Nilijua nyote mko kanisani."

"Idris ni Mwislamu," nikamwambia.

"Sikufikiria."

Akarudia hivyo, sikufikiria, sikufikiria, hadi akalia. Sijamwona akilia tangu tumzike Baba. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika kichwa kama mtoto. Sikufanya lolote. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Amesikia kila neno.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimeenda kumwona Idris. Bandeji hadi kwenye viwiko. Zuleka, mke wake, anamlisha uji kwa kijiko, anapangusa kidevu, anamlisha tena. Alinipisha kiti chake mwenyewe. Karibu dada, umetukumbuka.

Idris akauliza kama tumeokoa hata basi moja. Nikasema hapana. Akageukia ukuta. Baada ya muda akasema wale watu hawakujua yuko ndani, ana hakika, hakuna mtu wa Meru angefanya hivyo akijua. Yeye ndiye anawatetea!

Nikaaga. Zuleka alinisindikiza hadi mlangoni.

Jumatatu, 19 Mei 2025

Laini imefungwa. Meneja alituita yadini, akasimama mbele ya vile vyuma vyeusi akasema kampuni inarudi Nairobi. Akatushukuru. Akaingia kwa teksi. Imekwisha hivyo, laini ya kwanza ya stima mji huu. Bango letu la steji ya Makutano tayari limelazwa juu ya mawe, mama mmoja anauzia nyanya juu yake.

Hata hiyo petroli haikuhitajika. Tulikuwa tunakufa wenyewe. Angengoja miezi miwili tu!

Gari la Timau limerudi mjini na Muthomi ndiye dereva. Mchana alinipata nikitembea, akasimamisha, akafungua mlango wa mbele. "Panda, Gacheri." Ndani wamejaa abiria wangu. Yule mwalimu pia. Nikaendelea kutembea. Akanifuata polepole kwa muda, kisha akaenda.

Jioni Mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwa maharagwe anayochambua, kwamba mtoto wake mmoja amepoteza kazi na hataki mwingine apotee kabisa.

"Na mzee Njura?"

"Watamwachilia. Hakuna kitu alifanya."

"Wakikosa kumwachilia?"

Mama akaendelea kuchambua. Alikuwa anatupa maharagwe mazuri pamoja na mabovu.

Ijumaa, 23 Mei 2025

Niko kituo cha polisi, kwenye benchi la nje. Naandika ili mikono ifanye kitu.

Nilimwambia Mama naenda Gakoromone kuangalia ndizi. Hakuuliza. Alisimama tu mlangoni akiwa ameshika shuka ya Muthomi aliyokuwa anaikunja, na nilipogeuka barabarani bado alikuwa amesimama.

Kando yangu amekaa mama mmoja na kikapu. Ni Marcella, mke wa mzee Njura. Ametoka Ishiara alfajiri na magari mawili. Aliniuliza mimi ni nani, nikasema nilifanya kazi na mzee. Akanishika mikono yote miwili. Anasema mimi ndiye wa kwanza kuja, wenzangu wote wameogopa. Anasema mzee anakohoa, halali, na kila akija anamwuliza kitu kimoja tu, kama yule kijana Mwislamu ameanza kukunja vidole. Jumatatu anarudishwa kortini kusomewa mashtaka.

Simu inatetemeka mfukoni. Muthomi. Imenyamaza. Muthomi tena. Mama lazima amempigia.

Afisa ametoka sasa hivi. "Wewe dada, unaandika statement ama umekuja kuona mtu wa seli?"

Marcella amenijibia. "Amekuja kumwona mzee, afande. Ni mtu wetu."

Afisa ameniangalia. Mimi nimeangalia viatu vyake. Nimemwomba dakika moja. Amerudi ndani, hajafunga mlango, namwona akivuta kiti na kutafuta kalamu. Marcella amefungua kikapu, amekata chapati ya mzee vipande viwili, nusu ameniwekea mapajani – kula, mwanangu, umengoja sana – na simu inaita tena, na afisa anaita, "Haya, nani wa kwanza?"