Kubaki Kwenye Duara Mpaka Wimbo Uishe

Copenhagen, 12 Januari 2016

Mama mpenzi,

Salamu zikufikie kisiwani wewe na Baba. Mimi mzima, ila mafua ya Denmark yamenikamata tena. Baba anaendeleaje na kifua? Na kondoo, wameipitaje ile dhoruba?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu jikoni kwako hakukosi watu, na hili si la kusikiwa na shangazi Billa. Hospitalini tunaandaa utafiti wa tiba kwa wanawake wanaoshindwa kuzuia mkojo. Wengine watapewa mazoezi ya misuli, wengine pete laini ya kuvaa ukeni. Wakubwa wangu wanataka kupima uzito wa pedi zilizolowa, basi. Mimi nimesema tuwaulize kwanza wanawake wenyewe wanatamani nini.

Sasa nakuuliza wewe. Kwenye sherehe ya uchumba wa Hanus uliacha duara katikati ya ngoma, na wewe ndiye uliyekuwa unaongoza wimbo. Ukasema ni goti. Mama, goti haliwezi kukufanya ubadilishe sketi. Kama hutaki kunijibu, sitakasirika.

Mwanao,
Rannvá

---

Kijijini, 3 Februari 2016

Rannvá mwanangu,

Barua nimeipata, nasi tu wazima. Baba yako anakohoa na bado hataki kuvaa skafu. Kondoo wawili upepo umewatupa baharini.

Una macho ya bibi yako. Ndiyo, ni kweli, tangu nilipomzaa Hanus. Nikikohoa, nikicheka, nikikanyaga kwa nguvu, kwisha habari. Na ngoma yetu ni kukanyaga, mikono yote miwili umeshikwa, hutoki bila kila mtu kujua. Nilimwambia daktari wa hapa, akasema ni uzee, nipunguze kahawa. Kahawa! Akaniambia mimi!

Unauliza natamani nini. Sitaki pedi nyepesi. Hata iwe nyepesi bado ni pedi. Nataka kubaki kwenye duara mpaka wimbo uishe, siku Hanus atakapooa, Agosti ya mwakani. Waambie hao wakubwa zako.

Ila jina langu usilitaje popote.

Mama yako

---

Copenhagen, 20 Mei 2016

Mama mpenzi,

U hali gani? Mafua yameondoka, na nina habari njema. Umewashinda! Niliyasoma maneno yako mbele ya jopo, bila jina. Profesa mmoja alikuwa anatafuna mkate, akaacha kutafuna. Sasa kila mwanamke atachagua mwenyewe kitu anachotaka kukirudia, na hicho ndicho tutakachokipima kwanza. Pedi zitafuata nyuma.

Tawi moja litafunguliwa huko huko visiwani kwetu, mjini Tórshavn, mwezi wa Septemba. Bahati nasibu ndiyo itakayoamua nani apate mazoezi na nani pete. Njoo uandikishwe, Mama. Tangazo litatoka gazetini wiki ijayo. Nimeliandika mwenyewe, hamna jina wala kijiji.

Mwanao mwenye furaha,
Rannvá

---

Kijijini, 14 Juni 2016

Rannvá,

Sisi wazima.

Tangazo nimelisoma. “Mwanamke mmoja wa kisiwa cha kusini, mwongoza wimbo, aliyelazimika kuliacha duara kwenye uchumba wa mwanawe.” Niambie, wanawake wanaoongoza wimbo huku ni wangapi? Umekaa Copenhagen mpaka umetusahau. Huko ukificha jina umejificha. Hapa watu hawahitaji jina.

Hakuna aliyenicheka. Laiti wangenicheka, ningewajibu. Alhamisi nilikwenda kufuma kwa Billa kama kawaida. Kwenye kiti changu, chini ya mto, alikuwa ametandika plastiki. “Kaa tu, Malan, mpenzi wangu,” akasema, “hapa ni nyumbani.” Wenzangu wakainamia sindano zao. Nikakaa, ikawa inalia kila nikijisogeza.

Nakujua hukukusudia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na usinisumbue tena na habari za Tórshavn.

Mama yako

---

Copenhagen, 2 Machi 2017

Mama,

Hii ni barua ya tano bila jibu. Nikipiga simu, Baba anasema uko kwa kondoo, hata mvua ikinyesha. Nimelia mpaka nimechoka kujisikia nikilia. Nilitaka wanawake wasikilizwe, nikaanza kwa kukuvua nguo wewe mbele ya kisiwa kizima.

Utafiti unaendelea. Pete inawasaidia baadhi, wengine hapana, na siwezi kukuahidi kitu. Lakini harusi inakaribia. Njoo huku, mji mzima hakuna anayekujua, nitakusindikiza mwenyewe. Nakuomba, Mama.

Rannvá

---

Kijijini, 10 Julai 2017

Rannvá mwanangu,

Natumai u mzima. Baba yako ni yule yule, na skafu bado imetundikwa msumarini.

Sasa nikwambie. Niliandikishwa Tórshavn tangu Septemba. Nilimwapisha nesi asikuambie. Nilipata pete, na inafanya kazi. Nimekohoa, nimecheka, nimerukaruka zizini peke yangu, niko mkavu kabisa. Nililia kwa furaha, na nikataka kukupigia siku hiyo hiyo. Nikasema ngoja kwanza nicheze.

Jumamosi kulikuwa na ngoma. Nilipoingia kwenye duara, wakapunguza kukanyaga. Billa alinishika mkono wa kushoto kama anamvusha mgonjwa barabara. Nilianzisha wimbo, nikauimba beti zote, na kila nilipoinua macho niliona macho ya mtu yakibanduka haraka kwenye sketi yangu. Nikabaki mpaka mwisho.

Wakanipigia makofi.

Tangu lini ngoma yetu ikapigiwa makofi? Anayepigiwa makofi kwa kutojikojolea ni mtoto mdogo. Walifanya kwa mapenzi, Rannvá, wala sina wa kumgombeza.

Mwezi ujao nesi ataniuliza: je, ulibaki mpaka wimbo ukaisha? Nitajibu ndiyo, maana ndivyo ilivyokuwa, na itahesabiwa kwenye ushindi wenu. Swali lilikuwa langu mwenyewe. Sikujua kwamba halitoshi.

Siku ya harusi nitakuwa jikoni nakata nyama. Mkianza ngoma, usije ukanivuta mkono.

Mama yako