Folda Niliyofuta Bila Kuipekua

Saidi, mdogo wangu,

Shikamoo yako ya asubuhi haiji tena kwenye simu, basi leo naanza mimi.

Baada ya arobaini yako niliondoka na kompyuta yako. Kutoka kwako Nangurukuru hadi huku Morogoro niliipakata kama mtoto. Nilitaka kuendeleza kamusi yetu ya Kimatumbi, ile ambayo ukibofya neno unamsikia mama akilitamka. Ikagoma. Diski imejaa. Folda ya matokeo, ambamo mashine huweka inachozalisha kila unapoijenga upya programu ya kamusi, ilikuwa imevimba mno.

Ulinifundisha: "Dada, kilichozalishwa na mashine kitazalishwa tena. Cha mtu hakirudi. Iambie kwanza ikuonyeshe orodha ya vitu itakavyofuta. Isome, ndipo ufute." Nikakujibu kwamba mwalimu mstaafu hafundishwi kusoma orodha. Ukacheka: "Walimu ndio hamrudii kusoma!"

Nilimpigia mkeo. Zuhura akasema, "Futa tu, wifi, hizo si takataka za mashine?" Nikafuta. Orodha sikuiomba. Nikaijenga programu upya, ikafunguka, nikapiga kigelegele peke yangu.

Nikabofya neno la kwanza. Kimya. La pili, kimya.

Sauti za mama, ulizorekodi kijijini kwetu Mitole kabla hajafariki, ulikuwa umezitia humo humo kwenye folda ya matokeo ili uzijaribu. Ulikusudia kuzihamisha. Ukaumwa. Fundi wa hapa alinitazama kwa huruma: "Bibi, ulipojenga upya, mashine iliandika mafaili mapya juu ya zile sauti." Simu uliyorekodia ilishaharibika. Nakala hakuna.

Nguo zako nilipekua kila mfuko kabla hatujazigawa. Folda, hapana. Nimeishi mbali na Kilwa miaka mingi kuliko niliyoishi huko, na yapo maneno ambayo mama pekee ndiye aliyekuwa akinisahihisha. Nakulaumu kidogo, Saidi. Kisha najilaumu zaidi. Zuhura sijamwambia, atajiona ndiye aliyefuta.

Mwezi ujao naenda Mitole kwa Mama Mdogo Hadija. Nakuahidi nitamrekodi neno kwa neno, na nakala mbili zitakuwepo kabla sijanyanyuka mkekani. Haitakuwa sauti ya mama. Hilo sina wa kumwambia ila wewe.

Pumzika, baba. Mkionana huko, mwambie mama ni mimi niliyefuta. Usinifichie.

Dada yako,
Mwanaisha