Aliyeandika Barua ya Maji

Mjukuu wangu Sidi,

Huku Changamwe hatujambo. Dada yako kajifungua msichana. Mtoto akilia, mtaa mzima wa Magongo wasikia. Katika barua yako waniuliza kama ujiunge na chama cha wafanyakazi.

Mwaka Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, nilichambua kahawa ghalani na wanawake wenzangu. Chama chetu kilinituma niandike barua kudai maji ya kunywa. Nyapara akafoka, "Aliyeandika hii afukuzwe." Kati yetu, mimi pekee ndimi niliyejua kuandika.

Mama Kadzo, mchambuzi mwenzetu, akasimama. "Ni mimi."

Akapewa kalamu aandike tena, mwandiko ulinganishwe.

"Leo mkono waniuma, bwana."

Wenzake wote wakasimama, wakidai nao mikono yawauma. Nyapara akashindwa kujizuia kucheka. Hakufukuzwa mtu, na maji yakaja.

Tangu hapo wakigoma niligoma, hata nilipoona wamekosea. Niligombana nao njia nzima kurudi nyumbani, lakini sikutoka chamani.

Akupendaye,
Bibi Dama